Dirisha Linaloshuka Kutoka Juu

Hyattsville, Maryland
31 Januari 1999

Ami yangu Vuai,

Shikamoo. Namuomba Mungu barua hii ikukute mzima, na mguu wako umepata nafuu. Sisi wawili tupo, na baridi nayo ipo. Idi ilipita kimyakimya. Tulisali kwenye ukumbi wa skuli, tukarudi, nikampikia Nahla pilau, akala nyama tu wali akaacha. Meno mawili ya mbele yamemtoka. Kiswahili anakifahamu chote, hata ninapomsengenya kwenye simu, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza.

Siku ya Idi uliposema kwenye simu nimlete mjukuu wako Nahla aje akae nawe, ukadhani laini imekatika. Haikukatika. Niliweka simu chini mwenyewe. Wewe ni ami yangu na ni mkwe wangu, Sufian alikuwa mwanao kabla hajawa mume wangu, na tangu ile ajali ya barabarani iliyomchukua huku, huna mwengine. Najua. Lakini na mimi pia, zaidi ya Nahla, sina mwengine.

Ulisema hapa hakuna mwanamume wa kutuangalia, na kifua cha mtoto kinaharibika kwa baridi. La kwanza nalipita. La pili daktari amelikataa. Anasema pumu yake haitokani na baridi ya nje, inatokana na hewa ya ndani. Tangu tuhame Langley Park tuje kwenye nyumba hii, mara tatu nimempeleka hospitali hawezi kumaliza sentensi.

Nyumba yenyewe ni ya mbao, ya zamani sana, na sisi tuko chini, mbele ya kituo cha basi. Ina madirisha marefu ya vioo, mazuri kwa kuyatazama, na hakuna hata moja linalofunguka. Yamepakwa rangi juu ya rangi mpaka yamegandana. Pembeni mwa kuta kuna ukungu mweusi, naufuta Jumamosi, Jumatano umerudi. Mwenye nyumba ni Mtanzania mwenzetu, Bwana Godlisten, anakaa mji wa Bowie. Nikimwambia, ananijibu kwamba mwakani ataweka madirisha ya plastiki na kiyoyozi, nisiguse kitu.

Basi tukubaliane hivi, Ami. Domina wa ubalozini anakwenda likizo nyumbani tarehe kumi na tano Agosti, na yuko tayari kumchukua mtoto. Nipe mpaka siku hiyo. Kifua kikitulia, Nahla anabaki na mimi. Kisipotulia, nitampandisha ndege mwenyewe na wala hutanisikia nikilia. Ila wewe ni seremala wa miaka arubaini, na lazima unisaidie. Dirisha kama hili linafunguliwaje?

Wako,
Mahfudha


Mwembetanga, Unguja
21 Februari 1999

Binti yangu Mahfudha,

Marahaba. Mguu ule ule, asubuhi unanikumbuka, jioni unanisahau. Jirani Cosmas wa dukani anakusalimu, na ukitaka kupiga simu piga hapo hapo kwake. Nyumba imekuwa kubwa kwangu, chumba kimoja nakaa mimi na vyengine wanakaa panya.

Makubaliano yako nimeyasikia na nimeyakubali. Agosti si mbali.

Dirisha lako nalijua. Nilipokuwa najifunza kazi kwa fundi mmoja Mgoa pale Vuga tulitengeneza ya namna hiyo katika nyumba ya hakimu. Wengi hudhani ni la kunyanyua tu. Si la kunyanyua tu. Lina vipande viwili, cha juu na cha chini, na vyote viwili vinatembea. Cha chini kinapanda, na cha juu kinashuka. Aliyelitengeneza hakuwa mjinga. Hewa ya moto inakaa darini, ukishusha cha juu inatoka, na ukipandisha cha chini kidogo ile baridi inaingia kushika nafasi yake. Fungua chini peke yake na utapata nusu ya dirisha. Kisha fungua na la upande wa pili wa nyumba, na milango ya katikati uiache wazi, ndipo hewa itakwenda safari yake.

Na wewe bila shaka umeweka pazia zito chini kwa sababu ya watu wa basi. Umefanya vyema. Ndiyo maana nakwambia kipande cha juu. Pazia litakusitiri chini na hewa itapita juu ya vichwa vyao.

Chukua kisu chembamba ukate rangi kwenye mstari ambapo kipande kinakutana na fremu, pande zote. Usitumie patasi, utaumiza ubao. Weka kigogo cha mti, kigonge kwa kiganja kidogo kidogo mpaka kipande kiachie. Halafu sugua kwa msasa njia kinamopita kipande, upake mshumaa. Ukimaliza, shika uzi mwembamba karibu na kipande cha juu uone unaelekea wapi.

Sasa nikuulize jambo. Ule udi na ubani niliokutumia na watu waliosafiri kuja huko wakati wa Idi, unaufukiza humo humo ndani ya nyumba iliyofungwa? Nakujua, kila Alkhamisi magharibi unafukiza kwa ajili ya Sufian. Hapa moshi unaingia dirisha hili unatoka lile. Huko unatokea wapi? Mtoto ana pumu, Mahfudha. Muombee dua bila moshi.

Wako,
Ami Vuai


Hyattsville
28 Machi 1999

Ami,

Shikamoo. Baridi imeanza kulegea, miti ya mtaani ina maua kabla ya majani. Nahla amefundishwa kuhesabu saa, na sasa ananipangia hata muda wa kuosha vyombo.

La udi umenipiga pabaya. Hakuna aliyewahi kunambia, na mimi mwenyewe sikufikiri. Nyumbani tumekulia ndani ya moshi wa udi na hakuna aliyekohoa. Chetezo nimekiosha, nimekiweka kabatini. Alkhamisi ya kwanza nilijihisi kama nimemwacha Sufian mlangoni. Lakini Nahla hakukohoa wiki ile, na hilo limenitosha.

Sasa dirisha. Nilianza na ule msasa ulionitajia, kabla hata ya kisu, na Serah wa ghorofani, Mkenya, akateremka mbio kunizuia. “Wewe, Mama Nahla, hiyo rangi ni ya zamani, iko na lead. Vumbi ikiingia kwa mtoto itamharibu akili.” Yaani madini ya risasi, Ami. Hapa rangi za kale zilichanganywa nayo. Usijilaumu, hukujua. Nilimtoa mtoto nyumbani siku nzima, nikalowesha kila kitu, nikafuta kwa vitambaa vya maji na kuvitupa. Hakuna kilichosuguliwa kikavu tena.

Kisu kilifanya kazi Jumapili tatu. Ninarudi kutoka usafi wa mabweni ya chuo kule College Park, mikono imechoka, nashika kisu. Jumapili ya tatu kipande cha chini kikalia, kikapanda. Nilishangilia peke yangu. Nikakiachia, kikashuka kama panga na kunibana vidole viwili vya kulia. Kucha zimekuwa nyeusi.

Kumbe kipande kinabebwa na kamba, nazo zimekatika. Juu kwenye kapi, yale magurudumu madogo ya kupitishia kamba, nimekuta ncha mbili tu zinaning'inia. Serah anasema ndani ya ukuta mna vyuma vya uzito ambavyo kamba ilikuwa inavishika. Nikigonga fremu nasikia uwazi. Sasa nitavifikiaje bila kuvunja fremu? Godlisten akikuta ubao umepasuliwa atatutoa. Na kipande cha juu hakisogei hata kidogo, nacho nahisi kimeshikwa na kitu kingine zaidi ya rangi.

Hilo tu ndilo ninalotaka kujua, Ami. Nijibu upesi, kabla joto halijafika. Joto la hapa lina unyevu, na nyumba hii ikifungwa wakati wa joto sijui tutapumua nini.

Mahfudha


Hyattsville
9 Mei 1999

Ami,

Shikamoo, na natumai ni posta tu, si maradhi. Wiki sita sijapata neno lako. Nimepiga simu dukani kwa Cosmas mara mbili, mara zote naambiwa umetoka sasa hivi.

Nahla amelazwa siku nne. Joto lilikuja ghafla, nyumba ikawa chungu kilichofunikwa, na Jumatano nikiwa kazini skuli ikanipigia simu. Amewekewa mashine ya mvuke. Mdomo wake ulikuwa na rangi ambayo sitaki kuiandika. Leo amerudi nyumbani, anaangalia katuni.

Nakuuliza tena, ikiwa barua ya Machi imepotea. Vyuma vilivyomo ndani ya fremu vinafikiwa wapi? Na kipande cha juu kinashikwa na nini?

Mahfudha


Mwembetanga
24 Mei 1999

Binti yangu,

Marahaba. Habari ya Nahla imenikata maini. Nimemsomea, na msikitini wamemsomea. Mvua za masika zimenyesha sana, ukuta wa nyuma umelowa.

Barua yako ya Machi sijaiona. Posta zetu hizi unazijua. Na hayo ya dirisha ni mambo ya mtu kuona kwa macho, si ya kusemwa kwenye karatasi. Usijitese nayo. Vidole vyako vimepona?

Muulize Domina kama pasi ya mtoto imekwisha muda wake. Hizo zinachukua wiki nyingi kutengenezwa, usingoje Julai. Chumba cha mashariki nimekipaka chokaa na nimetengeneza kitanda. Skuli ya jirani nimesema na mwalimu mkuu, kuna nafasi. Hapa mtoto atapumua bila ya mashine.

Ami Vuai


Hyattsville
20 Juni 1999

Ami,

Shikamoo. Hujambo, sijambo, na Nahla hajambo sana. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza nina la kukuuliza.

Umeniuliza vidole vimepona. Vimepona. Ila vidole nilivitaja mahali pamoja tu, kwenye barua ya Machi, ile ambayo hukuiona. Barua yangu ya Mei haina kidole. Nimeisoma nakala yangu mara tatu nikitumaini nimekosea. Na Februari uliweza kunieleza kisu, kigogo, mshumaa na uzi kwenye karatasi hiyo hiyo ambayo Mei haifai. Sitasema zaidi. Wewe ni mkubwa wangu, na unajua ulichokifanya.

Sasa dirisha. Nimelifungua mwenyewe.

Nilikaa mbele yake Jumapili moja na tochi ya Serah nikaapa siinuki mpaka nijue. Nililowesha rangi ya kwenye njia ya pembeni, nikaivua taratibu, tabaka la kijani, la maziwa, la kahawia. Chini kabisa, kiasi cha mkono kutoka kizingiti, nikaona mstari mwembamba uliokatwa kwenye ubao. Nikaufuata kwa ncha ya kisu. Mstari ukageuka kona, ukapanda, ukageuka tena. Kumbe ni kifuniko kidogo, kimefungwa kwa skrubu moja iliyozibwa na rangi. Nikafungua kwa bisibisi, nikatia mkono ukutani mpaka kwenye kiwiko, na nikashika chuma, kizito, cha baridi, kimelala chini pale kilipoangukia sijui miaka mingapi iliyopita. Nililia, Ami. Nilikikumbatia chuma chenye kutu nikalia.

Kamba mpya nilinunua dukani kwa fundi, nikaipitisha kwenye kapi, ncha moja nikaifunga kwenye chuma na nyengine kwenye kipande, ili uzito wa chuma ukibebe. Kipande cha juu kilikuwa kimezuiwa na kijiti kilichopigiliwa kati ya vipande viwili, nikakitoa, nikakata rangi ya nje nikiwa juu ya ngazi na watu wa basi wakinitazama. Kikashuka. Kimeshuka shubiri moja, na cha chini nimekipandisha shubiri moja. Nimefanya hivyo hivyo la jikoni, upande wa pili. Nahla alishika uzi akapanda kiti. Uzi ukatoka nje juu ya pazia, akanambia kwa Kiingereza chake kwamba nyumba inapumua. Aliusogeza chini, ukaingia ndani. Alifanya hivyo mpaka mkono ukamchoka.

Godlisten alikuja Jumamosi bila taarifa. Akaona ngazi, akaona dirisha.

“Mama Nahla, nilikwambia usiguse.”

“Ulinambia. Na mwanangu alilazwa siku nne.”

“Mwizi akiingia je?”

“Ataingilia shubiri moja? Basi huyo mwizi ni paka.” Nikamwonyesha vizuizi nilivyoweka ili vipande visipite hapo. “Simama hapa. Weka mkono juu. Haya, sasa weka chini.”

Akaweka. Alikuwa amevaa tai na jasho limemjaa shingoni. Akaurudisha mkono juu, akaushusha tena. Mwisho akasema nyumba ile aliinunua mwaka wa themanini na tisa, na hakujua kwamba kipande cha juu kinashuka. Akaniuliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia, na ami yangu. Sikuweza kumwambia kwamba nusu ya pili ya mafunzo ulininyima.

Wiki sita sasa Nahla hajaenda hospitali. Ukungu wa ukutani nimeufuta mara moja na haujarudi. Nahla haji, Ami. Kwa makubaliano yetu, haji.

Mahfudha


Mwembetanga
8 Julai 1999

Mwanangu Mahfudha,

Nimeanza barua hii mara nne. Salamu zote nakupa, lakini leo sitazikalia.

Barua yako ya Machi niliipata tarehe kumi Aprili, Jumamosi, Cosmas mwenyewe aliniletea. Nilijua jibu kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Kila dirisha la namna ile lina kifuniko, na kila moja lina kijiti. Mistari mitano ingetosha. Nikaikunja nikaitia chini ya godoro. Nikasema, asipolifungua, Agosti nitampata Nahla. Simu zako pia nilikuwepo. Nilimwonyesha Cosmas kwa mkono aseme nimetoka.

Ilipokuja ile ya Mei kwamba mtoto amelazwa, ndipo ningeandika upesi, kama ningekuwa mtu. Badala yake nilinunua chokaa nikapaka chumba. Nilijidanganya kwamba namwokoa. Sikuwa namwokoa. Nilimtaka kwa ajili yangu, Mahfudha. Mwanangu alirudi kwangu ndani ya sanduku na sikupewa hata kumwosha. Nikataka kitu chake kimoja kitembee ndani ya nyumba hii. Ndiyo sababu, lakini najua si udhuru. Mtoto alikuwa hapumui na mimi nilikuwa na jibu chini ya godoro.

Nina haya mbele yako. Miaka arubaini sikumficha mwanafunzi kazi, nikamficha mwanangu.

Nahla abaki na mama yake. Nakwambia mimi, si kwa sababu ya makubaliano. Ukiweza kunisamehe, nisamehe. Usipoweza, nitakufahamu, na nitaendelea kukuombea.

Kifuniko umekipata mwenyewe, gizani, bila mtu. Mimi nilionyeshwa.

Ami yako,
Vuai


Hyattsville
14 Agosti 1999

Ami,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Domina mkononi. Anaruka kesho, na kiti cha pembeni yake atakaa mtu mwengine. Anayo picha ya Nahla, meno yameota, makubwa kama ya sungura.

Nilikaa na barua yako wiki tatu. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira mpaka Serah akaniuliza nani kafa. Nikikumbuka rangi ile ya mdomo wa Nahla, kisha nikakumbuka godoro lako, nakosa pumzi mimi. Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Hayajakwisha. Lakini umesema mwenyewe, kwa mkono wako, na hukuisingizia posta tena. Na Sufian nilimwosha mimi, Ami, na wanawake wawili wakinipa maji nyuma ya pazia, kwa kuwa hapakuwa na mwanamume wa kwetu karibu. Sikuwahi kukwambia kwa sababu nilidhani utaumia zaidi. Uso wake ulikuwa mzima. Alikuwa kama amechoka tu. Nilipaswa kukupa hilo tangu zamani, na mimi pia nililificha.

Kumbe Godlisten ameghairi plastiki yake. Ameniomba nimfungulie madirisha yote ya nyumba hii, na ya Serah ndiyo nimeanza. Limenishinda moja. Kamba ni mpya, chuma kipo mahali pake, kapi inazunguka vizuri, lakini kipande cha juu hakitulii. Nikikipandisha kinashuka chenyewe usiku kucha, mpaka Serah anaamka kipo chini kabisa. Kioo chake kilivunjika zamani, kikatiwa kinene kuliko cha mwanzo. Nahisi sababu imo humo, ila sijui cha kufanya.

Kuna duka hapa lenye mzee anayejua madirisha haya, na Serah ananihimiza niende. Sikwenda. Nakuuliza wewe.

Domina anarudi tarehe kumi na mbili Septemba. Mpe jibu mkononi.

Mahfudha